Ufuo wa Sori na Watu Waliokuajiri

Akinyi mwanangu,

Umeenda kumuaga shangazi yako, na ninavyowajua nyinyi wawili, hamtamaliza maneno kabla ya jua kuzama. Nimepata nafasi. Ningeweza kungoja urudi nikuambie haya kwa mdomo, lakini mimi na wewe tukianza kuizungumzia hii kazi yako tunaishia kugombana. Wewe unacheka, mimi nanuna, na mambo yanabaki palepale. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii. Baba yako alikicheka Kidholuo changu mpaka akaingia kaburini, na mimi nilikicheka Kikuria chake mpaka siku hiyohiyo. Tulikutana katikati, na wewe tukakulea hapo katikati.

Sitakuambia kitu kuhusu kupika, wala kufunga mlango, wala watu wa kukaa nao. Homa Bay si Ulaya, na wewe si mtoto tena. Jambo langu ni moja tu, nalo limeninyima raha tangu ulipopokea ile simu: kwa nini walikuchagua wewe?

Najua jibu lako. Waliona video yako. Ile uliyojipiga hapa ufuoni Sori, upepo ukikuvuruga nywele, ukieleza omena, dagaa wetu wa ziwani, inaanikwa wapi na mawe ya watoto kuogelea yako wapi. Watu waliipenda. Hata mimi niliipenda, ingawa sikukuambia. Halafu kampuni ya kuuza ploti ikakupigia: njoo uwe sauti yetu na uso wetu, ututafutie wanunuzi na wauzaji. Hawakukuuliza cheti. Hawakukuuliza umewahi kuuza nini. Kwenye mahojiano, na haya ulinieleza mwenyewe huku umefurahi, walitaka kujua kwenu ni wapi hasa, shamba la ukoo wenu linaanzia wapi na kuishia wapi, na kama mzee Odhiambo ni ndugu wa baba yako wa tumbo moja.

Mtu anayetafuta sauti nzuri huuliza habari za sauti, Akinyi. Hawa waliuliza habari za mipaka.

Sasa sikia jambo ambalo nimekuficha wiki mbili. Owuor, yule kijana wa bodaboda anayenipeleka Migori, aliniambia kwamba meneja wenu, yule wa viatu vya kung'aa aliyekuja hapa akala samaki wangu wa ngege na kusifu ugali, hakuwa mgeni wa Sori hata kidogo. Alikuwa amekuja kabla ya hapo kwa baba yako mkubwa Odhiambo, akitaka kununua ufuo wote kuanzia kwake mpaka kwetu. Owuor ndiye aliyembeba. Alisimama nje akasikia kila kitu.

"Mzee hakutaka hata kuketi," Owuor aliniambia. "Alimwambia, wewe kijana, hii shamba iko na wenyewe, na wengine wao wamelala ndani yake. Toka kwangu na hiyo bahasha yako. Jamaa akapanda pikipiki, nikamrudisha lami."

Video yako ilikuwa imekaa mtandaoni tangu masika, na simu haikulia. Baba yako mkubwa alipomfukuza mtu, ndipo simu ikalia.

Nilipoanza kudokeza ulinikata. "Mathe, wewe unashuku hata mvua." Ni kweli, naishuku. Mvua ya hapa hunguruma upande wa Kisii ikaenda kunyesha Tanzania. Lakini hukuniuliza kwa nini naishuku hii kampuni kuliko mvua, na jibu si zuri sana. Nawashuku kwa sababu ningekuwa mimi ndiye yule meneja, ningekuajiri. Ningekuajiri siku hiyohiyo, na mshahara ningeupandisha kidogo ili mama yako akose la kusema.

Nimekuwa dalali wa ardhi tangu ukiwa mgongoni. Watu wa hapa waliniita Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, na mwanzoni hawakunipa hata maji, kwa sababu walidhani nimetumwa na watu wa Isebania kuja kuhesabu ng'ombe wa kuiba. Nilijifunza kuuza nikiwa nashukiwa na kila mtu. Ile shule iliniuma, lakini ilinifundisha kumjua mtu anayekuja na tabasamu.

Nilianza na kosa la kuamini methali. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyesema hivyo hakuwahi kuuza ploti. Nilikuwa na kipande kizuri sana kule Isebania, karibu na barabara, na nilikaa nikingoja kijiuze. Kikakaa. Nikabandika matangazo kwenye nguzo za stima kuanzia forodhani mpaka sokoni, na vumbi la malori likayafunika kabla ya Jumapili. Waliopiga simu walikuwa madalali wenzangu, kila mmoja akijifanya mnunuzi ili ajue mwenye shamba ni nani anizunguke. Tulidanganyana kwa adabu sana. Siku moja wawili wao wakapelekana kwenye shamba langu, kila mmoja akimdhani mwenzake ndiye mwenye pesa.

Kosa la pili mpaka leo wazee wa Ndhiwa hulitaja wakitaka kucheka. Nilipewa kuuza kipande kilichozungushiwa minyaa minene, ile mnayoita ojuok, imefungana vizuri hata mbuzi hapenyi. Nikafurahi. Nikatangaza kwenye redio ya kienyeji na kwenye makundi yote ya simu: shamba lina ua tayari, mnunuzi ni kuhamia tu. Akaja bwana mmoja kutoka Nairobi, mzaliwa wa hukohuko Ndhiwa, na gari lake na mke wake. Alipoiona ile minyaa akavua kofia. Hakushuka hata mguu mmoja.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "hii si fensi. Hii ni gunda. Ni boma ya watu."

Mimi sikujua. Kwetu Kuria sikuwahi kulisikia neno hilo. Gunda ni boma la zamani ambalo wenyewe walihama au walikwisha, na ile minyaa ndiyo alama iliyobaki. Mgeni hajengi juu yake hata akipewa bure. Mimi nilikuwa nimetangaza redioni, kwa sauti yangu mwenyewe, kwamba nauza makao ya wafu na yana uzio mzuri. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia. Halafu nikajiuliza swali ambalo ndilo limenilisha tangu siku ile: yule mwenye shamba alijua. Kwa nini alimpa mgeni kuuza? Kwa sababu mwenyeji asingekubali kufungua mdomo.

Weka hilo moyoni. Mtu akikupa kitu cha kuuza, usijiulize tu kama kitu ni kizuri. Jiulize kwa nini amekupa wewe. Mimi nilipewa kwa sababu nilikuwa mgeni nisiyejua. Wewe, naogopa, umepewa kwa sababu ni mwenyeji unayependwa.

Huko uendako watakufundisha mambo mengi, na mengine ni ya maana. Watakuambia Desemba ndiyo mavuno, na ni kweli, kwa sababu watu wanarudi nyumbani, mama zao wanawauliza nyumba itajengwa lini, na aibu inanunua haraka kuliko tamaa. Watakuambia ukae vizuri na watu wa bodaboda, na ni kweli. Wao ndio wanaojua nani ameleta mchanga na nani ameleta mpimaji. Watakuambia uwapeleke wanunuzi kwa basi kuona ploti, soda na kuku juu ya kampuni. Hapo fungua macho. Mtu aliyekula kuku wako huona haya kukataa, na wao wanajua, ndiyo maana kuku anakuja kabla ya ramani.

Wataleta kamera inayoruka. Itaonyesha maji yanayometameta na jua likizama, watu waseme lo, kumbe nyumbani ni kuzuri hivi. Haitaonyesha mbu. Haitaonyesha matete. Wala haitaonyesha ule mwaka ziwa lilipopanda likaingia jikoni kwa Mama Awino, sufuria zikaelea, na wewe ukambeba mtoto wake mgongoni. Wewe ulikuwepo. Kamera haikuwepo. Watakapokuambia useme "ploti za ufukweni, zimebaki chache," nataka ukumbuke maji yalifika wapi siku ile, maana mnunuzi wa Nairobi atakuuliza na atakuamini.

Na wale watu wanaotabasamu kwenye mabango wakiwa wameshika hati miliki? Nilimwona mama mmoja Rongo amenunua ploti kwa kampuni fulani akiwa na wigi ndefu. Nikamwona tena Kendu Bay, kwa kampuni nyingine, hana wigi, amenunua tena. Nikasema huyu mama anapenda ardhi kweli.

Haya nakuambia nikitabasamu. Linalofuata siwezi kutabasamu nalo.

Unayaona yale maandishi kwenye kuta na mageti: SHAMBA HILI HALIUZWI, JIHADHARI NA MATAPELI. Watu wakiyaona hupita. Mimi nilikuwa nashuka kwenye bodaboda. Hakuna dalali aliyenifundisha, niligundua mwenyewe. Hakuna mtu anayemwandikia mgeni maneno yale. Anamwandikia mtu wa ndani ya nyumba. Ukiona limeandikwa haliuzwi, jua kuna mmoja humo ameshaanza kuliuza, na kazi yako ni kumtafuta yeye.

Kuna boma moja njia ya Ndhiwa ambalo mke ndiye aliyeandika kwa mkono wake, rangi nyekundu, herufi zimepinda. Nilimtafuta mume, nikampata kwenye kinu cha kusaga. Nikanunua soda. Nikasikiliza shida zake bila haraka. Baadaye nikaanza kumtembelea mke, tukawa marafiki, tukichambua mboga pamoja. Sikumwambia uongo hata mmoja, Akinyi. Nilimwambia tu jinsi watoto wangesoma kwa zile pesa. Tulipofika mbele ya bodi ya ardhi, wakamwuliza kama anakubali kwa hiari yake. Akasema anakubali. Hakuwa anamtazama mume wake wala wazee. Alikuwa ananitazama mimi, kama mtu anayemwuliza rafiki, nimejibu sawa?

Kila karatasi ilikuwa safi. Ukienda ofisi ya ardhi leo utaikuta safi. Mume alitoweka na pesa upande wa Tanzania, mke akarudi kwa kaka yake. Tukikutana sokoni hunisalimia vizuri na kuuliza habari zako. Hajawahi kunitukana. Angenitukana ningepumua.

Kwa hiyo ukiniambia kampuni yenu ina vibali na wakili na ofisi yenye kiyoyozi, mimi sishangai wala situlii. Karatasi huzuia wezi wajinga. Haizuii mtu kumtumia rafiki.

Nakuona sasa hivi umekunja uso. Unasema, Mama amechafua kazi yake na sasa anataka kuchafua yangu. Pengine. Siwezi kukuambia kwamba shuku zangu zote zilikuwa na macho. Kulikuwa na mzee mmoja wa kwetu Isebania, Mwita, aliyetaka kuuza kipande cha nyuma ya nyumba ili amtibu mkewe. Alikuwa mkweli mno. Alinionyesha mawe ya mpaka, akaniitia wanawe wote, akaniambia hata sehemu inayotuama maji. Mimi nikasema huyu ana jambo, hakuna muuzaji anayetaja maji bila kuulizwa. Nikamzungusha, nikauliza majirani, nikaenda kwa chifu, nikauliza tena. Nilipomaliza kuchunguza, mkewe alikuwa amekufa. Mzee hakuwa na jambo lolote. Alikuwa tu mtu mwema, na mimi nilikuwa nimesahau wanavyofanana.

"Wewe mtoto wa kwetu," aliniambia pale matangani, "ulinitafutia makosa mpaka ukachelewa."

Basi najua shuku nayo huua. Ndiyo sababu sijakuzuia kwenda. Mkoba wako uko hapo karibu na mlango na sijauficha, ingawa nimeutazama mara nyingi. Huenda meneja wenu alimwendea baba yako mkubwa kwa nia njema, akafukuzwa, kisha akaona video yako kwa bahati tu. Bahati hutokea. Huenda wewe ni hodari kweli, na huu uhodari nimeuona nikauita mtego kwa sababu sijui kuamini kitu chema kikija mlangoni kwangu. Nikiwa nimekukosea, nakuomba msamaha tangu sasa, na nitakuwa mtu wa kwanza Sori kusambaza video zako.

Lakini ngoja nikuambie ninachoogopa, nikiseme waziwazi ili kisibaki kunila peke yangu. Naogopa watakuacha utulie miezi kadhaa. Watakupa gari la kutembelea, watakusifu mbele ya wenzako. Halafu siku moja, kama jambo dogo tu, meneja atasema: Akinyi, si unawajua wale watu wa Sori? Nenda ukawasalimie. Usiwaambie chochote kuhusu kuuza, wasalimie tu. Na wewe utakuja. Baba yako mkubwa, aliyemfukuza mwanamume mzima na bahasha yake, hatakufukuza wewe. Atakuchinjia jogoo. Mama Awino atakukumbatia na kukukumbusha jinsi ulivyombeba mwanawe. Wataweka vidole gumba kwenye karatasi kwa sababu wino umeshikwa na mtoto wao. Wala hawatasoma. Tangu lini mtu anasoma karatasi aliyoletewa na mtoto wake?

Hatutapoteza ufuo tu, mwanangu. Ardhi ikiuzwa vibaya, watu hulia, kisha huhama, kisha huzoea. Kampuni itahama, itabadilisha jina, itapaka gari rangi mpya. Wewe huwezi kupakwa rangi mpya. Utabaki kuwa binti wa nyumba hii aliyepitia mlango wa nyuma. Na mimi namjua mwanamke anayesalimiwa vizuri sokoni na mtu ambaye yeye mwenyewe alimharibia maisha. Sitaki wewe umjue.

Kama watakutuma kuwatafuta wanunuzi, nenda kwa moyo wote, una kipaji. Mwambie mtu ukweli wa maji na mbu. Atakayenunua baada ya hapo hatakurudishia matusi. Kama watakutuma kwa wauzaji wa mbali, uliza kila mtu wa nyumba ile akiwa peke yake, mke kwanza, halafu mume, halafu mtoto mkubwa, na ukisikia majibu hayafanani, funga begi uondoke. Hivyo ndivyo ninavyofanya siku hizi, na ndiyo sababu unaona nauza kidogo.

Lakini watakapokutuma Sori, nina ombi moja. Usianze kwa baba yako mkubwa. Usianze kwa Mama Awino. Anza na mimi. Usipitie jikoni kama ulivyozoea. Piga hodi mlango wa mbele kama mtu wa kampuni, nami nitakukaribisha kama mtu wa kampuni, nitakupa kiti na chai. Kisha niambie maneno yote waliyokufundisha, usiruke hata moja. Niambie kwa nini niuze mahali baba yako alipolala. Nitazame machoni ukiniambia. Sitakukatiza, sitanuna, sitakuuliza swali.

Ukifika mwisho bila sauti kukukatika, nipe kalamu. Nitatia sahihi mimi, kabla ya mtu mwingine yeyote wa Sori.

Mama yako.